Kiti Kitupu cha Mwamuzi

Siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka damu inanichemka kana kwamba ndiyo leo. Nilikuwa Mbale, kando ya uwanja wa tenisi, wewe mgongoni mwangu, na baba yako alibakiza pointi moja tu amshinde kapteni wa jeshi mbele ya watu wote.

Lakini ngoja nianze vizuri. Hasira ikisimulia hadithi, haieleweki.

Jana umerudi kutoka dukani kwa Kirya, pale Bugembe, unalia, hata chumvi niliyokutuma umeisahau. Umeniambia Kirya alicheka mbele ya wateja akasema, "Huyu si mtoto wa Mugoya? Yule mwoga aliyempa kapteni mechi!" Haya, kaa hapa unisikilize. Mimi mvi sina, na wenye mvi huenda wakasema nimewahi zamu yao. Wacha waseme. Kwako wewe mimi ndiye mzee, na neno hili haliwezi kungoja nizeeke.

Baba yako kazi yake ni tenisi. Si mchezo wa jioni mtu akitoka ofisini. Ndiyo iliyokununulia uji. Hapa Jinja aliwafundisha watu wa klabu kushika raketi, na kila palipotangazwa mashindano yenye zawadi alikwenda: Kisumu, Eldoret, Nakuru. Alisafiri kwenye malori ya rafiki za babu yako, yaani baba yangu, dereva Mkenya wa barabara hii kuu. Ndiyo maana nyumbani kwetu tunaongea Kiswahili bila haya, ingawa hapa kilikuwa lugha ya wanajeshi, na majirani wakikisikia bado wanageuka kuangalia kama kuna askari.

Mara nyingi baba yako alitolewa raundi ya kwanza. Akibahatika, ya pili. Sikufichi. Watu walimuuliza, "Mwalimu, umeshinda?" Naye anajibu, "Nimecheza." Kesho yake alfajiri anakimbia mpaka Bugembe na kurudi, kisha anapiga mpira kwenye ukuta wa stoo ya pamba iliyofungwa, pa, pa, pa, hadi majirani waamke wakimtukana.

Wahindi walipofukuzwa, duka lililouza nyuzi za raketi likafungwa nao. Baba yako akaenda kwa wavuvi, akaomba uzi wa ndoano, akafunga raketi yake kwa mikono yake. Mipira ikaota upara kama kichwa cha padri, akaendelea kuipiga. Wenzake waligeukia magendo, wakanenepa. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wao walisema tu. Mimi nimemwona mhunzi mwenyewe akifua bila koleo.

Sasa yale mashindano ya Mbale. Mshindi angepelekwa Nairobi, kwenye mashindano makubwa wanakokuja wachezaji wa Ulaya. Baba yako alikuwa ameiota safari hiyo tangu ujana, na goti lake lilikwisha anza kulalamika. Ilikuwa mwaka ule au basi tena. Akashinda mechi zake moja baada ya nyingine mpaka fainali, na fainali ikawa ni yeye na kapteni.

Kapteni aliujua mchezo, sitamsingizia. Ila alikuja na Land Rover, na askari wake wakakaa juu ya boneti, bunduki mapajani. Mwamuzi wa siku hiyo alikuwa nani? Kirya! Huyu huyu Kirya, wakati ule katibu wa klabu yetu ya Jinja, mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto. Alipoziona zile bunduki akashika tumbo. "Ni malewa ya jana, yale machipukizi ya mianzi," akasema, akakimbilia chooni, na hakutoka mpaka mechi imekwisha. Akaombwa mwingine, akasema amesahau miwani. Wa tatu akakumbuka ana msiba. Kile kiti kirefu cha mwamuzi kikabaki kitupu, kinatutazama sote.

Basi ikafuatwa desturi ya wachezaji: pasipo mwamuzi, kila mtu ni hakimu wa upande wake. Mpira ukitua kwako, wewe ndiye unayesema ndani au nje. Na uwanja wa Mbale ni wa udongo mwekundu, mpira ukitua unaacha alama kama kidole kwenye unga.

Seti ya kwanza kapteni akachukua. Katika ya pili akapiga mpira mkali, ukapita mstari. Baba yako akainua kidole.

"Nje."

Mcheza kwao hutunzwa, na Mbale ndiko kwao baba yako, lakini siku ile waliopaswa kumtunza walikuwa wanaangalia viatu vyao.

"Umesema nini?" kapteni akauliza.

"Nje, afande."

"Una hakika, mwalimu?"

"Njoo uone, afande." Akaizungushia ile alama duara kwa ncha ya raketi, akasogea pembeni.

Kapteni akazunguka wavu. Askari mmoja akashuka kwenye boneti. Mimi nilikubana mgongoni mpaka ukalia, na kilio chako ndicho pekee kilichosikika Mbale nzima. Kapteni akachuchumaa, akatazama, akainuka. "Mtulizeni huyo mtoto," akasema, "baba yake anaona vizuri." Akarudi upande wake. Baba yako akaichukua seti hiyo.

Sema, mwanangu: huyo ndiye mwoga?

Tukafika seti ya tatu. Baba yako akiburuta goti, akiokota mipira ambayo mimi nilikwisha izika. Akabakiza ile pointi moja. Kapteni akapiga mpira mrefu kule kwenye kona. Kutoka tuliposimama ulionekana nje kabisa. Mwanamke aliyesimama kando yangu alikwisha inua mikono kupiga vigelegele. Hata kapteni aliteremsha raketi na kuanza kwenda wavuni kutoa mkono.

Baba yako akarudi nyuma, akainama juu ya alama. Kisha akasema, "Ndani."

Pointi ile ikawa ya kapteni. Zikafuata nyingine, kisha seti, kisha mechi. Na Nairobi.

Walipopeana mikono nilikuwa karibu, nikasikia kwa masikio yangu. Kapteni alisema, "Mwalimu, ule mpira mimi ningeuita nje."

"Najua, afande," baba yako akajibu.

Nilikwenda kuitazama ile alama kabla uwanja haujafagiwa. Ilikuwa imegusa mstari, mgusano wa unywele. Je, nilifurahi? Nilipandwa na wazimu! Jioni ile, nyumbani kwa bibi yako kule Nakaloke, nilimrukia baba yako kabla hajavua viatu. "Neno moja tu! Nje! Nani angekuuliza? Watasema umeogopa bunduki!" Yeye alikuwa anakanda goti lake kwa maji ya moto.

Bibi yako ndiye aliyeweka sufuria chini. "Wewe mke wa mwanangu, hebu punguza moto. Ulitaka amwibie kapteni?"

"Kapteni ni wa kuhurumiwa, mama?"

"Simhurumii. Nakuhurumia wewe. Mwanamume anayemwibia adui yake leo, akizoea, kesho atakuibia wewe. Mimi ninaye mmoja asiyeiba. Ukimchoka, nirudishie."

Baba yako akacheka mpaka akamwaga maji. Mimi sikucheka. Ila nililala nimenyamaza, na hilo, waulize wanaonijua, halitokei mara nyingi.

Kapteni alikwenda Nairobi, akatolewa raundi ya kwanza. Baba yako alirudi kwenye ukuta wake wa stoo. Miaka ikapita, serikali ya wanajeshi ikaangushwa, askari wakakimbia, na sasa kila mtu amegeuka shujaa. Waliokuwa wanaangalia viatu vyao leo wanaeleza jinsi walivyomkazia macho kapteni. Watakwambia lisemwalo lipo. Si kila lisemwalo, mwanangu. Mengine yanasemwa na waliokuwa chooni.

Basi shika neno langu. Mstari wa upande wako ni wako. Uuone ulivyo, hata mwenye bunduki akiwa mbele yako, na hata ndoto yako ikiwa nyuma yako. Ukisema nje, iwe nje. Ukisema ndani na watu wakuite mwoga, waache. Mwenye kuijua alama ni yule aliyeinama kuitazama. Na kushindwa usikuogope. Baba yako ameshindwa katika miji mingi ambayo Kirya hajawahi kuifikia.

Kesho utarudi dukani ukanunue ile chumvi. Usilie, usitukane. Akicheka, mwambie hivi: "Mzee Kirya, mama anakusalimu. Anauliza kama tumbo limepona, maana kile kiti bado kitupu."

Nenda, mwanangu. Mungu akupe macho ya baba yako, na mdomo wa mama yako.