Vita vya Jangwani Kwenye Fleti Yetu ya Ilford

Ninyi mliokulia Ilford, mashariki mwa London, wakati kila fleti ina dishi lake dirishani, bila shaka mnaikumbuka Ramadhani ya majira ya baridi. Saa kumi jua limeshazama, tumetoka skuli mabegi yangali mgongoni, na nyumba nzima inanukia sambusa na muhogo wa nazi. Muhogo wenyewe wa kugandishwa, wa pakiti, lakini ukishapita mikononi mwa Bibi hukuweza kujua. Tulifuturu, tukasali, kisha tukakimbilia sebuleni kugombea nafasi kwenye zulia, maana tamthilia ya Kiarabu ilikuwa inaanza.

Kila mwaka ilikuwa mpya na kila mwaka ilikuwa ile ile: majeshi ya mwanzo wa Uislamu, farasi, vumbi, na jemadari mwenye ndevu zilizochongwa vizuri mno kwa mtu anayelala hemani. Kiarabu chetu kilikuwa cha chuoni, cha kusoma Kurani bila kuelewa. Mkalimani alikuwa Baba. Ukubwani ndipo nilipogundua kwamba nusu alikuwa akibuni. Jemadari angehutubia mpaka machozi yakamtoka, Baba akatugeukia akasema, "Anawaambia wajiandae."

Matangazo ya samli yakiingia, mimi na mdogo wangu Nassor tulipigana kwa mabomba ya kadibodi, shuka zimefungwa shingoni. Nassor daima alikuwa Mrumi. Alilalamika kila siku, na kila siku alikufa.

Mama hakucheka nasi. Aliketi na rimoti mapajani, jicho kwenye ukuta. Kuta zile zilikuwa nyembamba, tukimsikia jirani akikohoa, na tivii yetu ilikuwa ikipiga takbira za jeshi zima, Allahu akbar juu ya Allahu akbar. Na ulikuwa mwaka mbaya. Taarifa za habari zilikuwa zikitaja ugaidi na watu wenye majina kama yetu, na kijana mmoja wa mtaa wa pili alichukuliwa na polisi asubuhi, akarudishwa jioni, asiseme hata kwa mamake ameulizwa nini. "Punguzeni sauti," Mama alituambia mpaka maneno yenyewe hatukuyasikia tena.

Jioni moja Baba alikuwa bado hajarudi kutoka kazini. Kwenye tamthilia mji ulikuwa umezingirwa, na kijana mmoja, mtoto pekee wa mjane, akaanguka langoni. Bila mkalimani tulielewa. Bibi, mama yake Baba, akaangua kilio cha msibani: "Wamemuua! Wamemuua mwana wa watu!" Nassor naye yuko juu ya kochi, upanga hewani, anapiga takbira kwa nguvu zake zote.

Mlango ukagongwa.

Mama akabonyeza rimoti kwa pupa, akakosea kitufe, sauti ikapanda. Alipofungua, walikuwa askari polisi wawili, mwanamke na mwanamume. Jirani alikuwa amesikia mwanamke akilia na watu wakipiga kelele. Je, kuna aliyeumia?

Mama Kiingereza alikijua, lakini mbele ya sare kilimkimbia. Akanisukuma mbele, mtoto wa miaka kumi. "Waambie ni tivii. Usitaje vita."

"Bibi analia kwa sababu kuna mtu amekufa," nikasema.

"Nani amekufa?" yule askari mwanamke akauliza haraka.

Nikanyoosha kidole kwenye tivii. Bibi akatokea nyuma yangu, anajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Mbona mmewasimamisha watu mlangoni wakati wa futari? Waingie wale!"

Waliingia, lakini hawakula. Mwanamke alisimama akamtazama yule mjane akimfunika mwanawe kwa nguo. Mwanamume alitazama milango ya vyumba, kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, baba yangu anaitwa nani na anafanya kazi wapi. Nikamwambia vyote viwili. Wakatuomba tupunguze sauti, wakaenda.

Mama akazima tivii. "Umemtajia mpaka kazini kwake?" Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililonitisha. Saa ya Baba kurudi ikafika, ikapita. Simu yake haikupokelewa. Nilisimama dirishani paji la uso likiwa kwenye kioo cha baridi, nikihesabu kila mtu mwenye koti jeusi aliyetokea stesheni, nikiamini kwamba nimemkabidhi baba yangu polisi kwa mdomo wangu mwenyewe. Bibi alivuta tasbihi. Nassor alilala na shuka lake shingoni.

Alipoingia, analaani treni, nilimshika kiuno nikakataa kumwachia. Mama akamweleza. Alisikiliza bado amevaa koti, kisha akaniinua, na mimi mkubwa mzima. "Jina langu si siri, mwanangu," akasema. "Ukiulizwa tena, litaje."

Lakini kesho yake aliiteremsha sauti mpaka chini kabisa. Tukamaliza vita vile hivyo hivyo: Baba amechutama, sikio limegusana na tivii, anatunong'oneza mapigano. "Wamevunja lango." "Amekufa?" Bibi anauliza kwa sauti ya sokoni. "Mama, taratibu!" Hakuna aliyepiga takbira.

Wanangu wa leo, ukiwaambia wasubiri mpaka kesho kujua kama jemadari amepona, wanadhani unawaadhibu. Binti yangu alimaliza tamthilia nzima ya aina ile wikiendi moja, kwa mwendo wa kasi, tafsiri ikiandikwa chini kwenye kioo. Kila neno amelielewa. Nikamuuliza nani kafa. "Wengi tu, Mama," akanijibu kwa Kiingereza bila kutoa vipokea sauti masikioni.

Ramadhani hii jirani hana la kulalamikia. Tukishafuturu wanapanda juu, kila mmoja na chumba chake, na mimi hubaki kwenye kochi na sambusa zilizopoa. Mara nyingine hupanda ngazi nikasimama nje ya milango yao, natega sikio. Wanapigana na nani humo ndani, na nani anawatafsiria, sisikii.