Nyumba Namba Thelathini na Saba

Mtaani walimwita Mama Fomu, wala hakuchukia. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa afisa afya wa halmashauri, na kazi yake ilikuwa moja: wakubwa wakitaka kujenga barabara, dampo au soko, yeye hupita mlango kwa mlango kupima jambo hilo litawafanya nini watu vifuani na matumboni. Sheria ilitaka apite kabla ya uamuzi. Mara nyingi alipita uamuzi ukiwa umeshakunywa chai na kuondoka.

Walipotaka kuyapitisha malori ya kokoto katikati ya mtaa, alipita akahesabu wanaokohoa. Nyumbani kwa kaka yake, fundi seremala, aliandika wawili: kaka mwenyewe na bintiye mwenye pumu. Akashauri malori yabaki njia ya zamani. Ushauri wake ukawekwa kwenye kiambatisho, na kiambatisho, tusidanganyane, ni kaburi lenye namba za kurasa.

Miaka miwili baadaye akarudi na fomu ileile. Baraza lilitaka kupiga kura: malori yabaki mtaani au yarudi yalikotoka. Wifi yake, mke wa kaka, alimfungulia mlango akiwa na kitambaa cha kufutia vumbi mkononi. Siku hizo alikuwa hakiweki chini.

"Karibu, wifi. Leo umekuja kindugu au kikazi?"

"Kikazi, wifi yangu. Humu ndani wanakohoa wangapi?"

Wifi akageuka kukitazama chumba. Kaka walikuwa wamemzika mwaka uliopita, mapafu yamemshinda. Mtoto alikuwa kwa bibi yake, safari ya siku nzima, huko kwenye hewa safi.

"Akohoe nani tena? Nimebaki peke yangu, na mimi mzima."

Mama Fomu akaandika sifuri. Alingoja machozi, hayakuja. Tangu msiba moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, na asubuhi nyingine aliona hata afadhali, maana kazi ilikwenda haraka.

"Malori yakiondoka tu, namrudisha mwanangu," wifi alisema. "Shuka zake nimeshafua."

Ofisini alimweleza mkuu wake kwamba fomu haina mahali pa kuandika waliokufa wala waliohama. Mkuu alikuwa mtu wa mizaha, na mizaha ya mkubwa huchekwa hata isipochekesha.

"Mama Fomu, asiyekuwepo na lake halipo! Fomu imeshapitishwa, tusianze kushona nguo tukiwa tayari barabarani."

Akacheka. Na Mama Fomu, Mungu amsamehe, akacheka kidogo kwa mazoea. Angeweza kugoma. Angeweza hata kuandika barua, maana mwandiko anao mzuri. Alitia sahihi chini ya kila ukurasa, akarudisha kalamu kwenye kikombe chake.

Siku ya kura ukumbi ulijaa. Wifi alimshikia kiti ubavuni pake. Mkuu akaonyesha hesabu ukutani: zamani walikohoa mia moja na kumi, sasa sitini na wawili.

"Na tazameni nyumba namba thelathini na saba," alisema kwa furaha. "Kutoka wawili hadi sifuri!"

Makofi yakalia. Namba hizo za nyumba zilikuwa za kwenye fomu tu, wenye nyumba hawakuzijua. Wifi naye alipiga makofi, kisha akamwinamia sikioni.

"Hao wa thelathini na saba walipata dawa gani, wifi? Mbona hukutuambia na sisi, tukampa kaka yako?"

Mbele, wajumbe walikuwa wameshaanza kunyoosha mikono. Malori yabaki, usiku na mchana.

"Sijui, wifi," Mama Fomu alisema.