Maharage Chini ya Migomba ya Mama

Enzi za Mdachi, kabla sijabatizwa, niliamini kabisa kwamba kuna Mkristo huko Kikwe aliyemenya ndizi akakuta ndani maharage kumi na mawili, yamepangana kama mitume. Kosa lake, ilisemwa, ni kupanda maharage chini ya migomba. Habari hii niliipata kwenye mfereji wa maji, nikaisambaza mpaka kijiji cha Sokon siku hiyohiyo, na nilipofika huko maharage yalikuwa yameshatimia ishirini.

Isingenidhuru kama nisingekuwa msomi. Lakini nilikuwa nimemaliza shule ya jioni pale misheni, na kichwa kilijaa elimu hata kofia zikanikataa. Nikatafuta neno hilo katika Torati, nikalikuta: shamba la mizabibu lisipandwe mbegu za aina mbili. Mzabibu sikuwahi kuuona maishani. Nikapima: ni mmea unaowapa wazee pombe. Huku kwetu mlimani mmea huo ni upi? Mgomba, bwana! Na ubatizo wangu ulikuwa Jumapili inayofuata.

Asubuhi nikaingia shambani kwa mama, nikaanza kung'oa maharage. Ndiyo kwanza yalikuwa yanatoa maua. Mahindi ya tambarare yalishakauka mwaka ule. Tulitegemea maharage hayo na ndizi mpaka mvua nyingine. Nilijua vizuri. Niling'oa mstari wa kwanza, wa pili, mama akatokea na jembe.

"Umepatwa na nini, baba?"

"Mama, Mungu hataki viwili shamba moja."

"Tangu lini? Mama yangu alipanda hivi, na mama yake pia."

"Hawakusoma."

"Lakini walishiba."

Akaketi katikati ya mstari wa tatu, miguu ameinyoosha.

"Haya, msomi. Anza kuning'oa mimi."

Nikashindwa. Mama akayafunga yale niliyong'oa kwa kamba ya mgomba, akajitwika, akanitanguliza mpaka kwa mwalimu wa misheni, mtu wa Kilimanjaro aliyenifundisha kusoma. Njia nzima hakunena. Nilitamani anitukane, ningepata nafuu.

Mwalimu alimwamkia mama kwa adabu, akautazama mzigo, akatusikiliza wote wawili. Kisha akanigeukia.

"Ulisoma mpaka wapi?"

"Hapo penye mbegu, mwalimu."

"Mbele kidogo tu pamekatazwa nguo ya sufu iliyochanganywa na kitani. Hilo koti ulilopewa hapa misheni, unajua nyuzi zake?"

Sikujua. Nikaanza kulivua. Mama, aliyekuwa kimya kilomita zote zile, akacheka mpaka mzigo ukamponyoka kichwani.

"Vaa koti lako," mwalimu akasema, naye anajizuia. "Baridi ya Meru haina Torati."

"Na Jumapili je? Maharage mengine bado yamo shambani."

"Jumapili utabatizwa."

Pumzi niliyoitoa hapo ingeweza kupepeta magunia mia ya ulezi. Nikaketi chini palepale, juu ya maharage.

"Lakini mwalimu," nikasema, "amri ni nyingi. Nitajuaje ipi ya kushika na ipi ya kuacha?"

Akaacha kucheka. Akanijibu taratibu, kwa Kiswahili chepesi, ili mama naye asikie.

"Ile ya mbegu waliagizwa Waisraeli, ili wakae mbali na desturi za mataifa. Wewe hukuagizwa. Yesu alisema Torati yote inasimama juu ya mambo mawili: mpende Mungu, mpende jirani yako. Ukisoma amri, ipimie hapo. Kumheshimu mama kumebaki palepale. Kumnyima chakula hakumo popote. Mwombe mbegu, ukapande upya ile mistari miwili."