Harufu Iliyotangulia Wageni wa Muthoki

Mgeni wa kwanza kufika kwenye ntheo ya dada yangu Muthoki alikuwa harufu. Alifika Jumatano. Wengine tuliwatarajia Jumamosi.

Ntheo, kwa msiojua, ni siku watu wa kijana wanapoleta mbuzi kwa kina msichana. Mbuzi wakichinjwa na kuliwa, kwetu Ukambani huyo ni mke wa mtu. Wakirudi na mbuzi wao, ni marafiki tu. Muthoki alikuwa amengoja siku hiyo miaka minne.

Nyumba yetu iko Matinyani. Ukuta mmoja wa sebule una nyufa, na Baba, Mzee Musyimi, mtu ambaye hajawahi kuona kazi akaita fundi, aliufunika kwa plaiwudi. Aliacha tundu moja chini, la soketi ambayo mpaka leo hatujaiona.

Harufu ilitoka upande huo.

"Wavinya," Mama akaniita, "umeweka nini?"

"Sijaweka kitu, Mama."

"Desemba ulisema hivyo hivyo, na chura alikuwa ndani ya kofia ya pasta."

Sikubisha. Rekodi yangu inajulikana.

Muthoki alinusa kiti baada ya kiti mpaka akafika kwenye plaiwudi. "Kuna kitu kimekufa humu. Baba, bandua hii mbao."

Nikawahi kusimama mbele ya plaiwudi.

Nyuma ya ile plaiwudi kulikuwa na barua. Nilipewa siku shule ilipofungwa, nimkabidhi Baba mkononi. Jioni hiyo hiyo niliisukumia kwenye tundu, nikaliziba vizuri. Mpango ulikuwa kuitoa baada ya ntheo, Baba akiwa ameshiba nyama na amani.

"Msibandue," nikasema. "Nyufa zitaonekana. Wageni watauliza kama msichana naye ana nyufa."

Baba, anayeipenda plaiwudi yake kuliko baadhi ya ndugu zake, alikubali upesi. "Mtoto amesema ukweli."

"Tangu lini?" Muthoki akauliza.

Tukachemsha majani ya mkaratusi. Tukapuliza marashi. Kufikia Ijumaa nyumba ilinuka kama maiti anayeenda harusi.

Jumamosi asubuhi nilimkuta Muthoki jikoni, amevaa kitenge chake kipya, analia bila sauti. Mimi ni mtundu, si muuaji. Nikatoa wazo: tumfunge beberu wetu, Waziri, chini ya dirisha la sebule. Kila mtu anajua beberu ananuka. Atakayeuliza, ataonyeshwa Waziri.

Baba alisema sasa faida ya ada ya shule inaanza kuonekana.

Wageni walifika saa tano, watu saba na mbuzi watatu. Mbele alikuwa Mzee Mbaluka, mjomba wa bwana harusi, Kisilu. Hakuna aliyetuambia kwamba Mzee Mbaluka ameuza mbuzi pale soko la Salama miaka thelathini.

Aliketi karibu na plaiwudi. Akanusa. Kikombe cha chai kikakwama njiani.

"Mtusamehe," Baba akasema haraka. "Ni huyo beberu."

Mzee alichungulia dirishani, akamtazama Waziri kwa huruma. "Huyu amesingiziwa."

"Ati?"

"Harufu ya beberu naijua kuliko ya mke wangu. Hii ni ya kitu kilichooza, na kiko hapa nyuma yangu. Mzee Musyimi, siwezi kula ntheo katika nyumba inayonificha kitu. Ukuta ukifunguliwa, tutachinja. Usipofunguliwa, mbuzi watarudi Salama."

Muthoki alikuwa amesimama mlangoni. Hakumtazama Baba wala Kisilu. Alinitazama mimi.

Nikaenda kuleta nyundo mwenyewe.

Plaiwudi ikabanduka. Nyuma yake alilala buku, panya mkubwa kama paka, amekufa katikati ya kiota kizuri cha karatasi nyeupe zilizokatwakatwa. Barua yangu. Halikubaki hata neno moja zima.

Niliinamisha kichwa kama mfiwa. Ndani yangu kwaya ilikuwa inaimba.

"Aliingilia wapi?" Mzee Mbaluka akauliza.

"Kwa hilo tundu la soketi," Baba akasema.

"Basi mbona hakutokea huko huko?"

Akainama, akavuta kizibo. Kilikuwa soksi ya kijivu. Sasa, bwenini kila nguo huwekwa alama isiibwe, na Mama ana mkono safi wa kushona. Uzi mwekundu ulisomeka hata kutoka mlangoni: 4417 WAVINYA.

Nje, Waziri akalia mara moja, kama mshtakiwa aliyeachiliwa huru.

"Na hizi karatasi?" Baba aliuliza polepole.

"Barua, Baba. Ya shule. Ni yako."

"Inasema nini?"

"Imeliwa."

"Wewe hujaliwa. Isome."

Nikasimama mbele ya wakwe wa dada yangu, mikono ubavuni kama gwaride la asubuhi, nikaisoma kutoka kichwani. Kwamba niligonga kengele ya chakula cha mchana saa nne asubuhi. Kwamba shule nzima ilikimbilia jikoni na sahani, naibu wa mwalimu mkuu akiwa wa tatu kwenye foleni. Kwamba mzazi afike siku ya kufungua. Nilisoma mpaka "wako mwaminifu", nikaeleza na muhuri ulipokuwa.

Mzee Mbaluka ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kofia.

"Tulikuwa na wasiwasi," akamwambia Baba, "tukadhani tunaoa kwa watu wasio na makosa. Huko mtu anaishi roho juu. Leteni kisu."

Mbuzi wakachinjwa. Muthoki sasa ni mke wa mtu, na kazi ya kwanza ya Kisilu kama mkwe ni kunisindikiza shuleni kwenda kuitikia ile barua. Mimi nilimzika buku, kwa amri ya Baba, kaburi la kina kirefu. Nyama niliwekewa, lakini, kwa sababu ya fimbo ya Baba, niliila nimesimama.

Funzo, ndugu zangu: ukificha kitu ukutani, usizibe tundu kwa soksi yenye jina lako. Na kabla hujaziba, bisha hodi kwanza. Huenda kuna mtu ndani.