Mzee Aliyejaza Fomu Yote

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, makampuni ya nje yalipoanza kumiminika, niliajiriwa kama mwanasheria na moja lililokuwa na maghala Barabara ya Pugu, karibu na Kipawa. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kampuni haimhongi mtu wa serikali, maana sheria za kwao ziliwabana hata wakiwa huku kwetu. Niliiamini kazi ile mno. Leo nikikumbuka nilivyoiamini, naona haya.

Makao makuu walileta fomu: kila mfanyakazi ataje jamaa zake walioko serikalini. Nikaitafsiri, nikaigawa, nikapita nikijitapa kama mwalimu wa zamu.

Mtunza stoo wetu, mzee wa Kizaramo kutoka Temeke, alikuja nayo ofisini kwangu. Kwenye stoo yake halikuwahi kupotea hata kopo la grisi.

"Yupo kijana wangu wa forodha," alisema. "Sikumzaa mie. Mamaake alikufa, nikamlea na wanangu. Nimtie?"

"Mtie, mzee. Msema kweli mpenzi wa Mungu."

Akamtia, kwa herufi kubwa, polepole. Karani wa mizigo, ambaye shemeji yake alikuwa mkubwa bandarini, na kwenye harusi ya huyo shemeji na dada yake sote tulikula pilau, aliandika "Hakuna".

Jibu lilikuja kwa faksi. Mizigo yetu yapita forodhani, mtunza stoo ana mtoto forodhani, basi aondoke. Nilipinga kwa barua mbili nikaambiwa kanuni ni kanuni. Habari za karani nilizijua, nikanyamaza. Nyumba yangu ya Kinondoni ilikuwa haijaezekwa, nami woga ukinishika huuita busara. Karani akapewa ile stoo pia.

Barua ya kumfukuza mzee nilimkabidhi mwenyewe. Aliisoma mara mbili.

"Kwani nimeiba nini, mwanangu?"

Nilimsogezea kalamu atie sahihi ya kuipokea.

Miaka ikapita. Asubuhi moja ya Jumapili alibisha hodi kwangu, nyumba imeshaezekwa, akiwa na binti yake wa mwisho. Binti alikuwa ameitwa kazini na kampuni nyingine ya nje, na mkononi alishika fomu. Niliyasoma maneno nikayatambua: tafsiri yangu, neno kwa neno. Walikuwa wameinakili.

"Tujazie wewe," mzee alisema, "asije akakosea kama mie."

Tulipofika pale pa jamaa, binti alisema, "Kaka yupo forodha."

"Weka hakuna," mzee akasema.

"Baba! Si kaka huyu tuliyelala naye mkeka mmoja?"

"Hakuna. Huna kaka forodha."

Binti alianza kulia. Mzee hakumbembeleza, wala mimi hakunitazama; alinisogezea kalamu tu. Nilitamani anitukane. Ningalipata pa kuanzia kuomba radhi.

Nikaandika "Hakuna", kwa mwandiko wangu mzuri. Binti alipata kazi wiki iliyofuata.