Mpira wa Katikati

Nikifungua kopo la mipira mipya ya tenisi, harufu yake hunirudisha Tabora, kwenye kiwanja cha udongo mwekundu. Ilikuwa fainali ya wawili wawili: baba na babu mzaa mama dhidi ya wageni kutoka Dar es Salaam. Kwetu baba mkwe hasogelewi, kwa hiyo kila mpira wa katikati baba alimwachia babu, mzee wa watu, ahangaike nao. Wageni wakagundua, wakawa wanalenga pale pale.

Babu akamgeukia baba, anahema. “Mwanangu, leo mimi si mkwe wako. Piga!”

Mpira wa mwisho ukaja katikati. Baba aliruka, akampiga babu kikumbo hadi chini, akaupiga. Tukashinda! Vigelegele vikatanda, baba kapiga magoti anampangusa babu vumbi, babu anacheka.

Baba hakumgusa tena babu mpaka siku ya kumshusha kaburini.