Mlima Usiopigwa Jembe

“Mlima huu haupigwi jembe! Nimekwambia jana, nimekwambia leo. Au masikio yako umeyaacha Mbinga?”

Aliyesema hivyo alikuwa Bibi Salome, na aliyekuwa akiambiwa ni baba yangu. Nilikuwa mtoto bado, nimebeba kidumu cha maji kichwani, na sikuwahi kusikia mtu akimfokea baba namna ile. Nilisimama pale pale, nisijue pa kutazama.

“Mama, wajukuu zako watakula nini?” baba alijibu. “Muhogo umeoza wote. Udongo mweusi umelala bure juu ya vichwa vyenu, nyinyi mmekaa chini mnautazama. Kwetu mlima kama huu tungekuwa tumeshauvuna.”

“Kwenu ni kwenu. Hapa ukimpiga Mkubwa jembe, atashuka kunywa maji.”

Mkubwa ndiye mlima wenyewe. Mji ule mdogo uko ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kusini mwa Lituhi, umebanwa kati ya maji na mlima kiasi kwamba mtu akianika nyavu anahisi kama anapumuliwa kisogoni. Jina la mlima halikutajwa ovyo. Mgeni alichuchumaa kwanza, akaupigia makofi ya heshima, ndipo akaonja maji ya ziwa. Sisi tulipigishwa makofi hayo siku tuliyoshuka na lori la mahindi. Baba aliyapiga huku anacheka.

Tulikuwa tumekwenda kumsalimia Shangazi Emerensiana, dada yake baba, aliyeolewa kule na Eliya, mvuvi, mtoto wa Bibi Salome. Tulimkuta ana mtoto mgongoni, Daudi, na njaa ndani ya nyumba. Baba hakuwa mtu wa kuona njaa akanyamaza.

Sisi Wamatengo tuna kilimo chetu, ngolo. Mwanamume hufyeka majani akayapanga miraba miraba kwenye mteremko. Mwanamke huja na jembe, akachimba katikati ya kila mraba na kuyafukia majani kwa udongo ule. Kazi ikiisha, mlima unafanana na trei ya mayai, na mvua inatulia mashimoni badala ya kukimbia na udongo. Naeleza haya si kwa kujisifia kabila. Mgawo huo wa kazi, majani ya mwanamume na jembe la mwanamke, ndio uliomponza shangazi yangu.

Eliya alisikiliza ugomvi mpaka mwisho, akatazama chungu kilichofunikwa kifudifudi, akasema, “Shemeji, limeni. Mama niachieni mimi.”

Basi tukalima. Baba alipanga majani, shangazi akachimba na Daudi wake mgongoni, mimi nikawa nadondosha maharage. Yakaota vizuri, mpaka siku moja nikamwona Bibi Salome amesimama anayachungulia. Aliponiona akasonya, akashuka zake.

Kisha mvua za masika zikakaza. Ilikuwa mchana, watu wamekaa kula ugali, tukasikia mlio kama malori mengi yanayomwaga kokoto kwa pamoja. Mlio ulipokoma tulitoka nje, na mimi nilichoona kwanza ni ziwa: lilikuwa jekundu.

Eliya alikuwa ameenda kufunika usipa wake, dagaa wa ziwa lile, kwenye vichanja, pale korongo linapoishia. Vichanja havikuwapo. Eliya hakuwapo. Lilikuwapo tope tu, limejinyoosha kutoka juu hadi ufukweni, na ncha yake imezama majini kama ulimi. Mkubwa alikuwa ameshuka, na alikuwa anakunywa.

Wanaume walikimbilia kuchimba. Mimi, sijui nilitumwa na nini, nilitazama juu. Shamba letu lilikuwapo. Mashimo yote yalikuwapo, yamejaa maji, maharage yamesimama. Mlima ulikuwa umebanduka upande wa pili wa korongo, kule watu walikokata kuni za kukaushia samaki na kuchomea matofali mpaka mteremko ukabaki mtupu. Jembe lilikatazwa. Shoka hakuna aliyelikataza.

“Shamba letu lipo!” nikapayuka. “Umeporomoka kule kwenye kuni!”

Baba alinizaba kofi. Sikuwahi kupigwa na baba kabla ya hapo.

Tulimzika Eliya. Matanga yalipoanuliwa wazee walikaa, na Bibi Salome, ambaye sasa hakuwa na sauti ya kufoka, aliuliza swali moja tu: “Nani alipiga jembe?”

Nilimtazama baba. Nilijua atasimama na kusema ndiye aliyeleta shauri lile. Alikuwa mtu wa kusema wazi, na mimi nimerithi kwake. Baba alitazama vidole vyake.

“Mimi nilipanga majani tu,” akasema. “Jembe halikuwa langu.”

Ilikuwa kweli tupu. Watu wote wakamgeukia shangazi. Bibi Salome alimsogelea, akafungua fundo la kanga kifuani pake, akamtoa Daudi mgongoni taratibu, kama anayemtua mwenzake ndoo ya maji. Shangazi hakushindana. Alikuwa anamtazama kaka yake.

Tulipanda lori kurudi Mbinga, watu watatu: baba, mimi, na shangazi bila Daudi.

Shule niliishia la saba, mengine nimejisomea mwenyewe, na nimesoma kwa nini milima huporomoka. Lakini siwacheki watu wa kule. Aliyekataza jembe zamani huenda alishauona mlima ukishuka, na mimi nikifika ufukwe ule huchuchumaa na kupiga makofi, tena bila kucheka. Bibi Salome nilimsamehe. Mwanawe alikuwa amefukuliwa kwenye tope, na uchungu wake ulihitaji pa kukaa. Aliyenishinda ni baba. Watu husema mimi nina hasira na mdomo hauna breki, nami hujibu kwamba nasema kweli. Ila tangu siku ile najua kweli inaweza kutumika kama mlango, mtu akapita mwenyewe, akamfungia mwenzake nje.

Baba ameshafariki. Shangazi yupo, naishi naye, anachambua maharage barazani. Daudi ni mtu mzima sasa. Huleta usipa sokoni Mbinga, na pikipiki yake hupita mbele ya baraza hiyo bila kupunguza mwendo. Shangazi anaujua mlio wake. Akiusikia, mikono inasimama.

Juma lililopita nilimsubiri barabarani, nikasimama katikati.

“Dada, utagongwa!”

“Nigonge. Kwa nini husimami kwa mama yako?”

“Yule alimuua baba yangu. Bibi alinieleza kila kitu.”

“Bibi yako alikuwa anatazama tope. Mimi nilitazama juu.” Nikamweleza yote, kama nilivyoeleza hapa, na lile neno la baba yangu sikulificha.

Alikaza kamba ya gunia ambayo haikuwa imelegea, bado yuko juu ya pikipiki.

“Sasa unataka nini, dada?”

“Zima pikipiki. Ingia ndani, umpe mama yako shikamoo yake.”